Ukuta wa Mashariki

Bweni la Wanawake, Leeds
11 Oktoba 1953

Baba yangu,

Nakusalimu kwa furaha ambayo najua hutaipenda. Nimesoma gazetini kwamba Kanali Wychard ameshindwa kulitunza Jumba la Ostringham, na kwamba lisipopata mwenyewe mwingine litabomolewa. Nilikuwa kwenye foleni ya uji. Nilipiga kelele mpaka mpishi akaniuliza, “We binti, umeposwa?” Nikamjibu, “Nimepata zaidi ya hapo, mama.”

Karne nne na nusu, Baba! Karne nne na nusu watu wetu wamechimba udongo, wameukanyaga udongo, wameuoka udongo, wamepanda ngazi na udongo ule ule mabegani, ili familia moja ipate mahali pa kutundika picha za wajomba zake. Zile dohani zilizosokotwa kama nywele za bibi arusi, nani alizisokota? Yale matofali meusi yaliyochorwa kama wavu ukutani, nani alisimama mbele ya tanuri akiyachagua moja moja? Ingia kanisani utafute. Majina ya kina Wychard yamechongwa kwenye marumaru. Yetu sisi kina Larter yako chini ya nyasi, na nyasi hazisomeki.

Kwa hiyo nasema lianguke. Nilisema hivyo Ijumaa kwenye mdahalo, na ukumbi mzima ukasimama. Mhariri wa gazeti la wanafunzi ameniomba niyaandike yale yale.

Kuna sehemu moja tu nitakayoihurumia, nayo ni ukuta wetu wa mashariki. Unakumbuka kiangazi cha mwaka 1948? Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimekaa juu ya jukwaa la waashi miguu ikining'inia, nakusomea kile kijitabu cha saruji. Nilikwambia chokaa ni mambo ya waliokufa. Ulinitazama, ukasema, “Haya, mwalimu.” Tukaziba maungio yote ya matofali kwa saruji, toka kileleni hadi chini. Kila ndoo niliichanganya mimi. Katika nyumba ile yote, karne yetu imeweka mkono pale tu.

Barua yako ya mwisho mwandiko ulikuwa unatetemeka. Kwa nini? Na kile kikohozi?

Binti yako akupendaye,
Thirza

*

Ostringham, Norfolk
20 Oktoba 1953

Mwanangu Thirza,

Barua nimeipata. Nimeisoma mara mbili, mara moja kwa ajili ya habari na mara moja kwa ajili ya sauti yako. Mama yako angekuwa hai angesema, “Huyu mtoto alizaliwa amesimama juu ya sanduku akihutubia.”

Gazeti lako halikumaliza habari. Halmashauri imesema iko tayari kulichukua Jumba liwe nyumba ya kulelea wazee wasio na watu, na wagonjwa wa mapafu. Vyumba vya juu vina jua la asubuhi. Wanachotaka ni mkaguzi wao aridhike na kuta. Anakuja tarehe 15 Machi. Akiridhika, Jumba linabaki. Asiporidhika, linakwenda chini. Ndiyo habari yote.

Nimeomba nifanye matengenezo kidogo ukuta wa mashariki kabla hajafika. Ni kusafisha tu. Mkono unatetemeka kwa sababu ya patasi, si ugonjwa. Jabez wa bustanini hupita chini ya ngazi kila asubuhi na kunitania: “Hosea, unakwaruza kama kuku. Ukipata mahindi utuite!”

Jana huko juu, mstari wa tatu toka kileleni, nimekuta tofali lenye alama za vidole vinne. Mtu alilishika likiwa bado bichi. Vidole ni vyembamba. Nadhani alikuwa mwanamke, maana wanawake ndio waliokuwa wakijaza udongo kwenye kalibu. Wewe unauliza majina yetu yako wapi. Mimi sijui kujibu watu wa chuo. Niliweka vidole vyangu pale, vikawa vikubwa mno. Vyako vingeingia.

Nakuomba jambo moja. Hiyo makala, ingoje mpaka mkaguzi apite. Baada ya hapo sema utakalo.

Baba yako,
Hosea Larter

*

Ostringham
20 Oktoba 1953

Dada Keziah,

Natumaini hapo Lowestoft upepo umekuacha na paa lako. Nakuandikia wewe yale ambayo sikuweza kumwandikia mtoto, na nakuomba yaishie kwako.

Ukuta wa mashariki unakufa, na aliyeuua ni mimi. Matofali ya Ostringham ni laini kama mkate. Mvua ikinyesha yanakunywa maji, na maji hutoka taratibu kwa kupitia chokaa ya kwenye maungio. Ndivyo ukuta unavyopumua. Sisi tuliuziba kwa saruji, ambayo ni ngumu kuliko tofali lenyewe. Maji yakawa hayana mlango. Jalidi ikishuka, yale maji yanaganda ndani, na tofali linapasuka uso. Kila asubuhi ya baridi naokota nyuso za matofali pale chini, nyembamba kama maganda ya mayai.

Utaniuliza, Hosea, wewe mwashi mtoto wa mwashi, hukulijua hilo? Nililijua. Baba alitufundisha kabla hatujajua kusoma. Chokaa ilikuwa adimu baada ya vita, ni kweli, lakini ningeingoja. Nilimwona yule mtoto juu ya jukwaa, kijitabu mkononi, uso unawaka, anaeleza kama waziri, nikajisemea, huyu hatabeba ndoo maisha yake yote. Sikutaka kuwa wa kwanza kumwambia amekosea. Nikasema, “Haya, mwalimu.” Maneno mawili, Keziah.

Sasa naitoa saruji kwa patasi, ungio moja moja, kuanzia juu, na kurudishia chokaa. Kazi haiendi haraka, maana ukigonga kwa nguvu tofali linavunjika. Na chokaa haitaki jalidi. Nikifanya siku zisizo na baridi kali, nikafunika kwa magunia, naweza kumaliza kabla ya tarehe 15 Machi. Naweza kabisa.

Thirza asijue. Akijua atajilaumu, na akijilaumu hatasema tena mbele za watu kama anavyosema sasa.

Kaka yako,
Hosea

*

Leeds
22 Novemba 1953

Baba,

Umechelewa, au mimi nimewahi. Makala imetoka, na si kwetu tu. Magazeti mawili ya mjini yameinukuu, na mbunge mmoja ameuliza kwa nini halmashauri inangoja hadi Machi kukagua nyumba ambayo ni dhahiri imeoza. Mimi, binti wa mwashi, nimeifanya halmashauri igeuke kitini!

Usinikasirikie. Unaniambia wazee, unaniambia wagonjwa. Wazee wajengewe nyumba mpya, nyeupe, zenye madirisha mapana, ambazo hakuna aliyewahi kuinama akiingia! Kwa nini maskini akizeeka apewe makombo ya tajiri na kuambiwa ashukuru? Nani aliandika kwamba fungu letu ni kurithi kilichomshinda mwenyewe? Huo si wema, Baba. Ni kufagia ukumbi wa bwana kwa mgongo wa mgonjwa.

Gazeti la huko nyumbani linasema moja ya kuta inapukutika mpaka mtu anaweza kuiokota chini. Bila shaka ni ule wa kaskazini, ambao hatukuugusa. Nimeutumia katika makala: “Hata matofali yamechoka kumtumikia Kanali, yanavua nyuso zao na kuondoka.” Watu wameipenda sana sentensi hiyo. Sasa nataka jina. Ni mwashi gani aliyeuharibu ukuta ule? Ni nani aliyelipwa na kina Wychard afanye kazi ya ovyo, wakati wewe ulikuwa hapo hapo? Mtaje, Baba, nami nitamwandika kama anavyostahili.

Mwanao,
Thirza

*

Ostringham
17 Januari 1954

Mwanangu,

Samahani nimekawia. Siku hizi mchana ni mfupi, na mwanga ukiwepo niko kwenye ngazi.

Halmashauri imebadilisha tarehe. Mkaguzi anakuja tarehe 9 Februari, si Machi tena. Wanasema kelele zimezidi. Sikulaumu, mtu mwenye sauti ataitumia. Ila jalidi haisomi magazeti, na chokaa nayo haisomi. Nimefika katikati ya ukuta. Asubuhi napanda kutoa magunia, jioni napanda kuyarudisha. Kukiwa na baridi kali nakaa huko huko, naweka makaa kwenye ndoo chini ya gunia ili chokaa isigande. Jabez anasema, “Mzee, hata mkeo hukumfunika hivyo.” Nikamwambia mke wangu alikuwa na akili ya kuingia ndani.

Umeniuliza ni mwashi gani aliyeharibu. Ni mtu mmoja aliyependa kumsikiliza mtu akizungumza kuliko kuusikiliza ukuta. Hakulipwa zaidi kwa kazi hiyo. Usimwandike gazetini. Amekwishajijua.

Ile hotuba yako ya nyumba nyeupe zenye madirisha mapana nilimsomea Jabez bandani. Alisikiliza yote, kofia mkononi. Akasema, “Anasema kweli huyu.” Na mimi nikasema, anasema kweli. Nataka ulijue hilo. Mtu anaweza kusema kweli na ukuta ukawa bado unahitaji chokaa.

Njoo Pasaka. Nitakuonyesha lile tofali la vidole. Nimelipigia alama ya chaki.

Baba yako,
Hosea

*

Leeds
10 Februari 1954

Baba,

Mistari miwili tu, nakimbilia mkutano. Leo tumepigiwa simu: mkaguzi amelikataa Jumba! Tumeshinda! Najua utasikitika kidogo, lakini Pasaka nitakuja, tutatembea pamoja juu ya kifusi, na nitakununulia bia kubwa kuliko zote Ostringham. Jifunike vizuri.

T.

*

Lowestoft
7 Machi 1954

Thirza, mwanangu,

Mimi shangazi yako si mwandishi. Siku tulipomzika kaka yangu sikukuambia kitu, kwa sababu nilikuwa nimeahidi, na kwa sababu ulisimama pale kaburini mbele ya mchungaji na Kanali mwenyewe ukasema, “Jumba hili limemuua baba yangu.” Watu walilia. Kanali aliinamisha kichwa. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Jana nimepata barua yako kwamba unaandika makala ya pili, na kwamba kichwa chake ni hayo hayo uliyosema kaburini. Unaniomba nikueleze siku zake za mwisho zilivyokuwa ili uziweke humo. Nitakueleza, kisha usome hii karatasi niliyoambatanisha, kabla hujachapisha herufi moja.

Juma la kwanza la Februari jalidi ilishuka siku tano mfululizo. Alikuwa hajamaliza theluthi ya chini. Jabez alimwambia, “Shuka, Hosea, ukuta hauendi popote.” Akamjibu, “Ndiyo maana inabidi mimi niende kwake.” Siku ya mkaguzi alikuwa na homa tayari, akavaa koti la kanisani, akashika ngazi yule bwana apande. Jabez alikuwepo. Mkaguzi alipitisha kidole kule juu, akasema, “Kazi hii ni safi kabisa. Nani amefanya?” Baba yako akasema ni yeye. Mkaguzi akashuka hadi chini, akagusa, tofali likamwangukia mkononi. “Na hii amefanya nani?” Baba yako akasema, “Ni mimi vile vile.” Yule bwana akaandika alichoandika. Kaka yangu akaenda kulala na hakuinuka tena kitandani, mapafu yalijaa. Siku ya sita, tarehe 15, alikwisha. Kadi yako ya bia ilikuwa mezani. Nilimsomea. Alicheka, Thirza, nakuapia, alicheka.

Naivunja ahadi yangu kwa sababu hiyo makala yako itamwekea Kanali damu ambayo si yake, na kaka yangu hakuwa mtu wa kumwachia mwingine kazi yake, hata kazi mbaya. Hii ndiyo barua aliyoniandikia Oktoba. Uisome umekaa.

Shangazi yako,
Keziah

*

Ostringham
19 Juni 1954

Baba yangu,

Hakuna wa kuipokea barua hii, nami naiandika hivyo hivyo, kwa sababu ulikuwa na desturi ya kunijibu, na mimi nilikuwa na desturi ya kutosoma majibu yako.

Makala sikuichapisha. Mhariri amenuna. Ukumbi wa mdahalo sijaukanyaga tangu Machi. Nimesoma “Haya, mwalimu” mara nyingi kuliko kitabu chochote nilichofanyia mtihani. Nilidhani ulikuwa umeshindwa hoja. Miaka mitano nimepita nikiwasimulia wenzangu jinsi nilivyomshinda baba yangu kwa hoja nikiwa na miaka kumi na sita!

Nilipomaliza mitihani nilikuja moja kwa moja, nikamwomba kazi msimamizi wa wabomoaji. Alinitazama juu mpaka chini. “Dada, hapa hatupigi chapa.” Nikamwambia nataka kusafisha matofali. Akacheka na wenzake wakacheka, mpaka Jabez alipotoka nyuma ya lori na kusema, “Huyo ni wa Hosea. Mpe mwiko.” Wakanipa mwiko wa mwashi.

Nikueleze kazi ilivyo, ingawa unaijua. Tofali la chokaa ukiligonga kwa ubavu wa mwiko, chokaa inadondoka yote kwa mkupuo, na tofali linabaki mkononi zima, jekundu, kama limetoka tanurini juzi. Karne nne na nusu limeshikana na jirani yake, na likiombwa kuachana linaachana bila kujeruhiwa. Yanapangwa kwenye malori. Wanasema yanakwenda kujenga nyumba za halmashauri nje ya mji, zenye madirisha mapana. Nililitaka hilo, nami nalitaka bado. Kama ningekuwa bado na sauti ningesema hata leo kwamba nililolitaka lilikuwa haki. Hakuna wa kuniambia nimekosea. Nimepekua kila neno la ile makala nikitafuta uongo, na uongo sikuupata. Ungekuwepo mmoja ningejua mahali pa kuweka patasi.

Ukuta wa mashariki waliuacha mwisho. Tumeufikia Alhamisi.

Walianza kileleni, nao ukashuka kama kuta nyingine, tofali kwa tofali, zima kwa zima. Kila moja lilikuwa na chokaa yako, nyeupe, bado changa. Watu hawakujua, waligonga na kupanga, wakipiga miluzi. Mimi nilijua. Nilikuwa nayapokea matofali uliyoyashika wewe wa mwisho. La vidole vinne lilikuja na chaki yako juu yake. Niliweka vidole vyangu. Vimeingia, Baba. Vyote vinne.

Kisha, mstari mmoja juu ya vizingiti vya madirisha ya chini, msimamizi akagonga, tofali likapasuka. Akagonga la pili, likapasuka. Akatukana, akasema, “Ni mpumbavu gani aliyeweka saruji humu?” Mikono yote ikasimama. Jabez alinitazama, akatazama pembeni, na nikaona anatafuta uongo wa kuniokoa nao. Wewe ungeupata. Wewe ungesema ni wewe.

Nikasema, “Ni mimi.”

Msimamizi akadhani natania. “Wewe? Ulikuwa na miaka mingapi?” Nikamwambia kumi na sita, na kwamba nilikuwa nimesoma kijitabu. Hakucheka. Alikuna shingo, akasema, “Na hakukuwa na mtu mzima wa kukuzuia?”

Hapo ndipo nilipokosa hoja kwa mara ya kwanza maishani. Nilisema alikuwepo. Nikasema alikuwa mwashi bora Norfolk nzima. Kisha nikainama kwenye ndoo kama mtu aliyeangusha kitu.

Nimeona ulipoishia. Ni upande wa kushoto, kimo cha bega langu. Ungio moja umelitoa saruji nusu. Alama za patasi zinatoka kulia kwenda kushoto, ndogo ndogo, zinakaribiana kadiri zinavyoendelea, kisha hakuna tena. Nusu ya pili ni saruji yangu. Nilimwomba msimamizi aniachie ungio hilo mpaka Jumatatu. Akaniuliza la nini, ukuta wenyewe unakwenda. Nikamwambia sijui. Akaniachia.

Leo Jumamosi hawapo. Nimekuwa pale toka asubuhi na patasi yako. Nilikuwa nagonga kwa nguvu, nikavunja ncha ya tofali, ndipo nikakumbuka ulivyomwandikia Shangazi, nikapunguza. Jabez alipita akasimama. Nilimngoja aniite kuku. Akaenda zake, akarudi na ndoo ya chokaa iliyobaki bandani kwako, umeifunika kwa gunia na jiwe juu. Ilikuwa bado laini.

Ungio limekwisha. Halikunyooka, lako limenyooka, langu linapanda kidogo mwishoni. Jumatatu watagonga. Matofali yaliyo mazima yatapanda lori. Yaliyopasuka yatamwagwa chini ya barabara mpya ya kwenda mjini, na magari yatapita juu yake, nami nitapita juu yake kila nikija kukutembelea.

Nimelifunika ungio kwa gunia. Ni Juni, hakuna jalidi. Nimelifunika tu.

Mwanao,
Thirza Larter